Betri ya taa ya omena ilivyofuka moshi ndani ya koti langu nikiwa ukweni

Wakuu, poleni na majukumu.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, nacheka shida za wenzangu halafu napita bila hata kuacha like. Leo ni zamu yenu kucheka ya kwangu.

Sijaongeza chumvi hata chembe. Anayetaka ushahidi, kiganja changu cha kulia kina kovu, na koti langu la pekee lina tundu ambalo fundi cherehani aliliangalia, akaniangalia mimi, akanirudishia koti.

Mimi nauza na kufunga sola hapa Kibuye, Kisumu. Ninaishi Nyalenda. Mambo ya betri na volti ndiyo ugali wangu. Mtaani wananiita Volti. Jina lenyewe nilijipa mimi, nikalisambaza taratibu mpaka likashika.

Nilikuwa mvutaji wa sigara. Nilipokutana na Awuor wangu, akaniambia mapema kwamba kwao Asembo Bay sigara haiingii hata ikiwa picha. Baba yake alifariki kwa kifua cha tumbaku, na mama yake ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho.

Nikaacha sigara, nikahamia vape, kile kibomba cha betri cha kuvuta mvuke. Awuor alijua. Mama yake hakujua, na mpango wetu ulikuwa asijue mpaka niwe nimeiacha na hiyo vape yenyewe.

Mpango mzuri kabisa. Tuendelee.

Kabla sijafika kwenye balaa, nipeni dakika ya darasa. Msiruke hapa.

Betri ya vape, ile ya mviringo yenye unene wa kidole gumba, ikijaa inasoma volti 4.2. Ukiendelea kuvuta inashuka. Mimi ikisoma 3.5 ikiwa imetulia, naitoa nachaji. Ikiwa kazini ikagusa 3.2, ipumzishe. Ukiishusha chini ya 2.5 unaiumiza ndani kwa ndani, na ikishaumia haiponi, hata ukiichaji ikakuonyesha 4.2 inayong'aa.

Vape nyingi zina kikatio, kile kibao kidogo cha ndani kinachozima kila kitu betri ikishuka sana. Ya kwangu haikuwa nacho. Ilikuwa bomba tu la shaba, betri ndani, swichi ya kubonyeza chini, basi. Kuzuia swichi isijibonyeze mfukoni, unakaza pete fulani kwa mkono.

Nilikuwa naringa nayo. Nilikuwa nawaambia watu kikatio ni cha wasiojua kusoma tester, yaani kipima volti. Mimi mwenyewe ndiye kikatio!

Kumbukeni hayo maneno.

Sasa siku yenyewe. Tulikuwa tunaenda ayie. Kwa wasiojua, kwetu Wajaluo hiyo ndiyo ziara ya kumwomba mama wa msichana akubali. Mama akipokea ulichomletea, amesema ndiyo. Asipopokea, unarudi na mizigo yako na sura yako.

Nilimpenda Awuor, nampenda mpaka kesho. Ile ndiyo ya mama yake niliitaka kuliko kitu chochote.

Upande wangu aliyesimama kama msemaji ni mjomba wangu, Baba Rosa, dereva mstaafu wa lori. Huyu mzee anaongea mpaka redio inanyamaza. Tukakodi gari, Probox, mimi suti, yeye kofia.

Njiani roho inanidunda, kwa hiyo kila tukisimama nashuka, navuta kidogo. Tunafika Asembo Bay nikapima betri, 3.3. Nikajipapasa nitoe ya akiba.

Ya akiba ilikuwa Nyalenda, kwenye chaja, inanisubiri.

Ukweni wakatukalisha sebuleni tukangoja. Mnajua desturi, mgeni wa kuoa lazima angojeshwe kidogo ili ajue thamani ya anachokuja kuchukua. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi iliumiza na mapafu.

Nikaomba kwenda choo.

Njia ya choo inapita nyuma ya jikoni. Na nyuma ya jikoni, wakuu, kulikuwa na taa za omena zimepangwa kwenye bati zinachajiwa na sola.

Mama Awuor ni mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani. Ana mashua yake, inaendeshwa na kaka yake Awuor, anaitwa Odhis. Wanatega kwa taa. Taa zinaelea juu ya maji, omena wanafuata mwanga, wavu unavutwa. Ndani ya kila taa kuna betri kadhaa.

Betri za mviringo. Unene wa kidole gumba.

Nikatoa tester yangu, mimi sitembei bila tester. Nikafungua taa moja, nikapima betri. 4.0! Nikaona Mungu hajanisahau. Nikaichukua, nikaweka ya kwangu mahali pake ili isiwe wizi. Nilijiambia ni mkopo wa muda kati ya ndugu.

Nikasimama nyuma ya choo, nikavuta mara mbili. Ladha ya strawberry. Mabega yakashuka.

Mara nasikia Baba Rosa ananiita, "Omondi! Omera, ndugu, watu wamekaa!"

Nikachomeka vape mfuko wa koti, nikakimbia. Ile pete sikuikaza.

Sebule ilikuwa imejaa. Mama Awuor alikaa mbali, karibu na mlango wa ndani, uso kaugeuza kidogo. Hiyo ni heshima. Kwa familia inayofuata mila kama ile, mkwe na mama mkwe hawasalimiani kwa mkono, hawakai pamoja, wala hawaongei moja kwa moja. Akitaka kukuambia kitu anapitishia kwa mtu, hata kama yuko hatua mbili kutoka kwako.

Nikakaa kwenye kochi la mbao, limefunikwa vitambaa vyeupe vya kushona. Koti likabanwa kati ya paja na mkono wa kochi. Na pale ndani, swichi ikabonyezwa, ikabaki imebonyezwa.

Mzee wa kanisa akasimama. Tufunge macho, tuombe.

Wale mnaojua maombi ya ukweni mnajua hayaishi. Mzee alianza na uumbaji. Alipofika kwa Ibrahimu nikaanza kusikia joto kwenye nyonga. Nikadhani ni wasiwasi. Akafika kwa Musa, joto likawa la chai. Nikafungua jicho moja.

Koti langu lilikuwa linatoa moshi.

Si moshi wa kuungua bado, ni ule mvuke mweupe wa vape, mzito, mtamu, unapanda polepole kama mtu kafungua sufuria ya wali. Sebule nzima ikaanza kunukia strawberry. Mama mmoja wa kanisa, macho kafunga, akavuta pumzi, akasema kwa sauti, "Haleluya!"

Wengine wakaitikia. Mzee akapata nguvu mpya, akarudi kwa Ibrahimu.

Wakuu, nisimame maombi yanaendelea, mbele ya mama mkwe, nianze kuvua koti? Au nikae niungue? Nilikaa. Aibu ina nguvu kuliko moto, nimeshuhudia.

Kisha ile betri ikaanza kuimba. Ssssss. Ile sauti naijua. Ni sauti ya mwisho kabla haijatema.

Hapo mila ikakaa pembeni. Nikaruka nikapiga kelele "Yawa!", nikaingiza mkono mfukoni, kiganja kikalia chwaa, nikalitoa lile bomba nikalirusha dirishani. Dirisha asante Mungu lilikuwa wazi.

Nje ya dirisha kulikuwa na omena.

Omena yote ya alfajiri ile, imetandazwa kwenye wavu, inakauka. Lile bomba likatua katikati, likatema moto na moshi mweusi, likajizungusha kama limechanganyikiwa, likapasuka. Kuku wakakimbia kila upande. Mbuzi akakata kamba. Likabaki linafuka, na upepo wa ziwa ukaturudishia ndani harufu ya samaki, plastiki na strawberry.

Mzee wa kanisa akasema "Amina" kwa sauti ndogo sana.

Mama Awuor akageuka, si kwangu, kwa mjomba wangu.

"Baba Rosa. Uliza huyo kijana yako, hiyo kitu inatoka moshi kwa koti ni nini."

Baba Rosa akanigeukia. "Anauliza hiyo kitu ni nini."

"Nimesikia, mjomba."

"Sasa si ujibu?"

"Mwambie ni vape."

"Mama, anasema ni vepu. Ni kama dawa ya kifua."

"Mjomba, sijasema dawa!"

"Anasema si dawa," akasema Baba Rosa, akitoa kofia.

"Muulize kama ni sigara."

Nilimwangalia Awuor. Alikuwa anaangalia sakafu na machozi yanamlengalenga. Kiganja kinawaka, koti lina tundu, na ndoa yangu inafuka huko nje juu ya wavu. Nikaona hakuna cha kuficha tena.

Nikasema, "Mwambie si sigara lakini ni ndugu yake. Nilivuta sigara miaka mingi. Nikaacha kwa ajili ya binti yake, nikashika hii ili nisirudi. Nilikuwa nataka kuiacha kabla hajajua. Nisamehewe."

Safari hii Baba Rosa hakuongeza kitu. Alisema tu, "Mama, umesikia."

Mama Awuor aliposema, sauti yake haikuwa ya hasira, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

"Mwambie mimi nilizika bwana kwa sababu ya kifua. Hata yeye alikuwa ananiambia anaacha kesho."

Wakuu, nilitamani kuwa yule mbuzi.

Odhis, aliyekaa pembeni, ndiye aliyeuliza. "Na kwa nini ilipasuka?"

Nikamwambia ukweli, betri nimeitoa kwenye taa yenu. Ilisoma 4.0 lakini ndani ilikuwa imekufa. Bila shaka taa zenu zinawaka mpaka betri inakauka kabisa, kwa sababu hazina kikatio. Nani alikitoa?

Odhis akaangalia dari. Baba Rosa akaangalia kofia. Mwisho Mama Awuor akamwambia Baba Rosa, "Ni mimi nilimwambia fundi atoe."

Na alikuwa na sababu. Taa ilikuwa inajizima yenyewe wavu uko nusu, omena wanatawanyika, kazi yote inapotea bure. Akaona heri iwake mpaka ife yenyewe. Ukanda ule wengi wamefanya hivyo. Kwa mtu wa omena, taa inayojizima katikati ya kazi ni adui kuliko taa mbovu.

Nikauliza, mvua ikinyesha mnachajia wapi?

"Ndani," akasema Odhis. "Chini ya kitanda ya mama."

Wakuu, hapo mzaha wote uliniisha. Nilichokirusha dirishani kilikuwa betri moja. Chini ya kitanda cha yule mama zilikuwa zinalala za taa zote.

Nikasahau ukwe na suti. Nikamwambia Odhis, leta taa zote hapa uwanjani. Nikavua koti, nikachuchumaa kwenye mchanga, mkono mmoja umefungwa leso yenye maji, na watu wakanizunguka.

Nikapima betri zikiwa zimetulia. 3.9, 4.0, 3.9. Zote nzuri, zote zinapendeza.

"Si ziko sawa?" akauliza Baba Rosa.

"Ngoja, mjomba."

Nikaweka moja peke yake kwenye taa, nikawasha huku tester iko palepale. 4.0 ikawa 3.1. Ikawa 2.7. Ikawa 2.3, na imeanza joto. Nikatoa, nikaweka nyingine, ikafanya vilevile. Nyingi zilikuwa hivyo. Zikikaa bure zinasema nne, zikipewa kazi zinasema mbili.

Na mimi ndiye Volti, mfunga sola wa Kibuye! Jambo hilo nawaeleza wateja kila wiki. Kule nyuma ya jikoni nilipima betri imelala, nikaiamini kwa sababu nilitaka kuvuta. Mganga hajigangi.

Nilipoinua kichwa, Mama Awuor alikuwa amesogea mpaka juu ya bega langu, anasoma namba za tester. Nafikiri alikuwa amesahau mila. Alipokumbuka akarudi nyuma, akajifunga leso vizuri, akatafuta mjomba kwa macho.

"Baba Rosa."

"Naam, mama."

"Kijana yako leo amekuja na suti, viatu inang'aa, na maneno ya polepole. Hiyo ni betri imelala. Hata mimi ningesoma nne." Akaelekeza mkono kwenye mizigo yetu. "Beba vitu yenu. Sijakataa. Lakini aje bila suti na bila hiyo vepu. Mimi nataka kumpima na kazi."

Tukarudi Kisumu na mizigo yetu kwenye Probox. Baba Rosa hakuongea mpaka tulipofika mjini, na kwa kumbukumbu zangu ni mara ya kwanza. Aliposhuka alisema tu, "Lakini maombi yalikuwa matamu."

Omena ile yote ilimwagwa. La kuvunda halina ubani, hata ubani wenyewe ukiwa strawberry. Kuku waliporudi waliionja, wakaondoka.

Basi nikaanza kwenda Asembo Bay Jumamosi. Nilitoa zile betri mbovu zote, nikanunua nzima, nikarudisha kikatio kwenye kila taa. Na ili wavu usikatishwe, nikaongeza taa ya pili kando ya kila moja. Ya kwanza ikijizima ikiwa na volti 3 salama, Odhis anawasha ya pili, kazi inaendelea. Na kuchaji ni nje, chini ya kibanda cha bati, mbali na kitanda cha mtu yeyote.

Kisha nikapewa kazi zenyewe. Kutandaza omena. Kugeuza omena. Kufukuza ndege kwenye omena. Na yote hayo bila vape.

Sitawadanganya, ile ya kuacha ilikuwa ngumu. Wiki za kwanza nilikuwa naamka na hasira na mto. Mteja akiuliza bei mara mbili namwangalia kama adui. Siku moja nilimkaripia Awuor kwa sababu ya chumvi, nikaomba msamaha nikalia kabisa, mtu mzima. Yeye akacheka, akanishika mkono wenye kovu. Sikurudi.

Ikafika Jumamosi moja, mchana, omena yote iko chini imekauka vizuri, mvua ikatoka ziwani bila hodi. Odhis alikuwa Bondo. Awuor alikuwa sokoni. Uwanjani ni mimi na Mama Awuor, na wavu mrefu umejaa mali.

Tukasimama, mmoja huku, mwingine kule. Nikamwona anageuka kulia, kushoto, anatafuta mtu wa kumtuma aniambie. Hakukuwa na mtu. Alikuwepo mbuzi tu.

Tone la kwanza likampiga usoni.

"Omondi!" akapiga kelele. "Shika upande huo! Vuta! Vuta, mwanangu!"

Nikavuta. Tukakunja wavu, tukakimbia nao mpaka kibandani, tumelowa, tunahema, omena imepona. Kisha tukakumbuka mila wote kwa pamoja. Yeye akageukia ukuta, mimi nikageukia taa. Tukakaa hivyo mpaka mvua ikaisha, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje.

Kesho yake Baba Rosa akanipigia simu. Alikuwa amepokea ujumbe kutoka Asembo Bay na alitaka kuufikisha neno kwa neno, bila kuongeza lake, na nilisikia anavyoteseka.

"Anasema hivi: Mwambie kijana yako nimempima na mzigo. Hajashuka."

Wakuu, niliketi chini palepale dukani, kati ya mabomba ya maji na paneli.

Tukarudi ayie. Mzee wa kanisa akasimama kuomba. Kabla hatujafunga macho, Mama Awuor akainua mkono.

"Baba Rosa, mwambie kijana atoe kila kitu kwa mfuko kwanza."

Nikatoa. Leso, simu na tester. Akaiangalia tester, akaitikia kwa kichwa, tuombe. Baada ya "Amina" akapokea vitu vyetu.

Nilichojifunza ni hiki. Volti ya betri iliyolala ni sifa tu, mpe kazi ndipo umjue. Betri iliyowahi kukaushwa usiirudishe hai, ipeleke kwa wanaopokea betri mbovu. Usiichukue betri ya kazi moja ukaipa kazi nyingine kwa sababu zinafanana umbo. Na kama kifaa chako hakina kikatio, usijidai wewe ndiye kikatio, hasa ukiwa na suti.

Haya, uwanja ni wenu. Nani mwingine kaumbuka ukweni? Na wale mnaochajia betri chini ya kitanda, kabla hamjacheka, nendeni kwanza mkazitoe.